Sufu, Si Sufi

Sogeeni, wanangu, ila mtu asikae pale penye jamvi, maana nyuma ya jamvi lile yuko mjukuu wangu aliyezaliwa leo adhuhuri kabla ya miezi yake, na tangu alipolia ile mara moja sijamsikia tena. Nassibu, wewe mkubwa, kaa huku kulia kwangu. Mwanamina, mama, acha kulia, utalia baadaye, sasa kazi ipo. Mfaume, najua roho yako iko kwa mkeo Fatu na mwanao, lakini ingia usikie, kwa sababu wosia wangu unaanzia kwa huyo mtoto wako, na la kwake lisipofanywa kwanza, haya mengine ya shamba na mtumbwi siyasemi, nitafunga mdomo wangu niende nayo.

Niliwaambia tangu asubuhi, uchungu ulipomshika Fatu, nikasema kwa kinywa changu hiki, mtoto akitoka mfungeni kwenye sufu. Haya, nikangoja. Mara namwona Mwanamina anakuja mbio, ananiinua kichwa, anauchomoa mto wangu, anauchana kwa kisu, anaondoka nao na vile vilivyomo vinapeperuka kibanda kizima cha dungu letu la mpunga. Nikasema moyoni, maskini mwanangu, huzuni imempanda kichwani. Kumbe mtoto wa watu ametii. Amesikia sufi. Na Bi Mashavu, mkunga wetu, naye amesikia sufi, na hivi sasa ninavyosema mjukuu wangu amelazwa kikapuni ndani ya sufi ya mto wangu, kando ya jiko, na kichwa changu mimi kiko juu ya ubao. Ubao si neno, nimelalia mbao nyingi. Neno ni hilo jiko.

Nyamazeni kidogo. Hapana, ni mvua tu.

Herufi moja, wanangu, ndiyo iliyotufikisha hapa. Sufi ni ya mti, ile inayopasuka kwenye msufi nyuma ya nyumba yetu Mbuchi, tunayojazia mito na magodoro. Sufu ni ya kondoo. Sisi wa huku visiwani hatujapata haja ya kuyatenga maneno haya mawili, maana kondoo wa kwetu ana nywele fupi za mbuzi, akinyeshewa anatetemeka kuliko mchungaji wake, na mtu wa Mbuchi au Maparoni anaweza kuzaliwa, akaoa, akazikwa, asiione sufu hata ya kupangusia kisu. Kwa hiyo mkisikia sufu mnasikia sufi, na siwalaumu. Lakini sufi ni kavu, cheche moja ikiirukia inawaka yote kabla hujasema bismillahi, na kuni zetu leo ni mbichi, zinarusha cheche, nazisikia. Vumbi lake linampaliza mtu mzima mwenye pua yake kubwa, seuze huyo. Tena sufi inayakataa maji, mtoto akijikojolea mkojo hauna pa kwenda, unabaki ngozini unapoa, na mtoto aliyekuja kabla ya wakati hafi kwa ugonjwa, anakufa kwa baridi. Mfaume, nenda ukakisogeze hicho kikapu mbali na moto, kisha urudi. Nenda sasa hivi.

Naona mnatazamana, na najua mnakwepa kutazama nini. Mnakwepa kulitazama blanketi hili nililojifunika. Hilo ndilo sufu, hakuna jingine dungu hili wala kisiwa hiki, na mto umepanda tangu Ijumaa hata nguzo zetu ziko majini, na mtumbwi wetu una ufa, hauwezi kuvuka kutafuta nguo kavu kwa jirani. Nimemsikia Bi Mashavu akinong'ona, masikio yangu yangali mazima, amesema nguo iliyo juu ya mtu anayekata roho haimfuniki kiumbe aliyefika leo, ni uchuro, atamfuata mwenye nguo. Ndivyo tulivyokuta kwa wazee na sikudharau. Bi Mashavu, wewe umewapokea wanangu wote hawa watatu kwa mikono yako, katika uzazi sikubishii neno. Lakini katika sufu nisikilizeni mimi, maana nimeishi nayo, na ngoja niwaeleze imetoka wapi, mjue ninachowaomba mkivue mwilini mwangu.

Mnajua nilikuwa mkata mikoko. Vilipokuja vile vita vya Mwingereza na Mjerumani, ile manowari ya Mjerumani ikajificha humu humu kwenye vijito vyetu, nikakamatwa nikabebeshwa mizigo, na vita vilipokwisha sikurudi, niliwafuata wenzangu hadi Kenya, huko juu Molo, ambako asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi na mtu akisema anatoa moshi mdomoni. Nikaingia kwenye shamba la kondoo la Wazungu. Kondoo gani wale, wanangu. Amevimba, macho huyaoni, unamkalisha kitako mgongo wake kifuani kwako, unaanzia mkasi tumboni, unazunguka ubavuni, ukijua kazi sufu inatoka nzima kama koti analovuliwa mtu, na kondoo anaondoka mwembamba, ana haya. Ile sufu mbichi ina mafuta, inanuka, inanata. Viganja vyangu vilivyokuwa vimechanika kwa mashoka na magome ya mikoko vikalainika mpaka wenzangu wakanitania kuwa nina mikono ya bi harusi.

Humo ndimo nilimojifunza. Unywele wa sufu haukunyooka, umejikunja vijikunjo vidogo vidogo toka mwanzo hadi mwisho, na ndani ya vijikunjo hivyo imekaa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayolinda joto la mwili lisitoke. Tena inakunywa unyevu, jasho au mvua, inauficha ndani yake, na wewe ukiigusa hujui kama imekunywa. Ikilowa bado inapasha. Pamba ikilowa ni adui yako. Nimeona wachungaji wamelala nje katika ukungu, blanketi limejaa umande juu, na ndani mtu ana joto lake.

Mbona yuko kimya. Mwanamina, chungulia. Anapumua? Sema vizuri, anapumua au Bi Mashavu anakufariji tu? Haya. Rudi ukae.

Blanketi hili lilifumwa na mama mkubwa wa shamba lile, kikongwe wa Kizungu mwenye mdomo mchafu kuliko nahodha, akiamka anatukana, akilala anatukana. Mimi nilichambua, kwa yale machanuo mawili ya meno ya chuma, unavuta huku na huku mpaka sufu inakuwa kama ukungu mkononi. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa akitusomesha kwamba siku ya Kiyama milima itakuwa kama sufu iliyochambuliwa, na sisi watoto tukafikiri ni sufi, tukacheka kuona milima inapeperuka kama mito iliyochanika, lakini mle Molo, chanuo mkononi, ndipo nilipoelewa nikaogopa. Na ni yeye mwalimu aliyeniambia baadaye kuwa wacha Mungu wa zamani walivaa sufu ngumu juu ya ngozi, wasiitamani dunia, na wale wa zikiri, Masufi, jina lao limetoka hapo.

Basi bibi yule akazungusha gurudumu lake, akasokota uzi, akafuma, na siku moja akaacha kutukana akanisimulia. Alisema kwao ni kisiwa cha baridi, na babu zake walikuwa na vijishamba vyao, lakini mabwana wakubwa waliona sufu ina faida kuliko watu, wakawafukuza watu wakaweka kondoo. Nyumba zikachomwa, watu wakapanda meli. Nikamwuliza, na hapa Molo, mama, kabla ya kondoo wako hapakuwa na watu? Akanitazama, akalizungusha gurudumu lake, na kesho yake alinitukana zaidi ya siku zote. Lakini nilipoaga kurudi kwetu alinitupia blanketi hili mlangoni, na fulana ya sufu juu yake, akafunga mlango. Hivyo ndivyo lilivyokuwa langu.

Nilifika kivuko cha Ndundu nimeivaa fulana ile. Ndiyo, mnacheka, chekeni, jua la Rufiji na mimi nimevaa sufu hadi shingoni, jasho linanitoka, lakini nilikuwa kijana na nilitaka nionekane nimetoka mbali. Na nani amekaa ng'ambo? Mshamu. Babake Fatu, rafiki yangu wa chuoni. Akasimama akaita mbele ya kivuko kizima, oneni, Kondoo karudi. Jina likanishika. Nikaenda kuposa kwa watu, nimeoga, nimevaa kanzu, mshenga anasema, na Mshamu amekaa pale barazani akalia mee, mara moja tu, taratibu. Wazee wale wakacheka mpaka machozi, na posa ikafia hapo. Mwaka haukwisha Mshamu akamwoa binti yule yeye mwenyewe.

Simjutii yule mwanamke, maana niliyemwoa baadaye, mama yenu Mwanabaraka, Mungu amrehemu, alinitosha na akazidi. Lakini Mshamu sikumsamehe. Mfaume uliponijia unamtaka Fatu, nilikukatalia msimu mzima wa mpunga, na hukujua kwa nini. Ndiyo hiyo mee. Nilimnunia mtu umri wote kwa ajili ya mee, na mpaka leo sitawadanganya kuwa nimepoa.

Mfaume, kikapu umekisogeza? Bado moto naunusa.

Nassibu. Wewe ndiwe unayenipa taabu, kwa sababu wewe ndiye mkubwa na wenzako wanakutazama wewe, na umekaa umeinamisha kichwa kama mtu aliyekwisha kata shauri. Unafikiri ukilitoa blanketi hili umemvua baba yako akiwa hai, na watu watasema. Sasa nikwambie jambo usiloweza kukumbuka. Ulikuwa ndiyo kwanza unatembea, tulikuwa tunatoka Maparoni, ukachomoka mikononi mwa mama yako ukaanguka kijitoni, maji ya masika, nikakuvua umekuwa wa buluu midomo, hulii. Blanketi lilikuwa ndani ya mtumbwi limelowa chepechepe. Mama yako akasema tafuta kikavu, hapakuwa na kikavu. Nikalikamua, nikakufunga nalo hivyo hivyo lina maji, nikakuweka kifuani, nikapiga kasia kwa mkono mmoja. Tulipofika Mbuchi ulikuwa unanivuta ndevu. Kwa hiyo usinitazame hivyo, mwanangu. Hilo lilikufunika wewe kabla halijanifunika mimi ugonjwani.

Na lete mkono wako hapa pembeni, upapase. Kuna kidoa kigumu, eeh? Kaa la moto liliangukia hapo, mama yako alikuwa anapika. Lilinuka nywele za kuungua, likajizima lenyewe, halikuwaka hata kidogo. Ndivyo ilivyo sufu, haishiki moto upesi. Mkimlaza mtoto kando ya jiko na hili, mtalala usingizi.

Sasa neno la uchuro, Bi Mashavu, na wewe Nassibu, nalijibu hivi, sikieni vizuri maana sitalirudia. Nguo ya uchuro ni ile anayovuliwa maiti. Mimi sijafa. Shehe alitufundisha kuwa mjukuu hamrithi babu ikiwa baba yake yu hai, kwa hiyo hili halimo kwenye mirathi yenu, hakuna atakayeligombea. Na mimi simwachii, nampa. Nampa kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa naona, nikiwa nasema, nikiwa na hasira zangu zote. Mkingoja nife ndipo mlivue, hapo ndipo litakuwa nguo ya marehemu, na hapo hata mimi nitasema msimguse nalo mtoto. Mmeona? Kila mnavyokawia ndivyo mnavyoutengeneza huo uchuro kwa mikono yenu. Na nikifa kabla hamjalitoa, mtoto akafa nyuma yangu, msiseme kalifuata blanketi, semeni tulilikalia.

Haya. Shika huko, Nassibu. Vuta. Usiogope mifupa yangu, vuta.

Ah, baridi ya humu. Nilikuwa nimeisahau. Hapana, usilirudishe, nitakutemea mate. Mfaume, lichukue, lina joto langu bado, mpeleke Bi Mashavu alikunje mara mbili, mtoto awe ngozi kwa ngozi na mama yake, blanketi liwafunike wote wawili, hiyo sufi wamtoe yote, mpaka puani. Mwanamina, nitandikie kanga yako, inatosha, mtu wa Mbuchi hafi kwa kukosa blanketi mwezi mmoja wa masika.

Bado. Bado kuna kitu. Kichwa. Mtoto mchanga joto linamtokea kichwani. Mwanamina, kile kitambaa kigumu unachoshikia chungu kikiwa cha moto, kiko hapo jikoni? Kilete. Mnajua ni nini hicho? Ndiyo ile fulana niliyokuja nayo Ndundu. Ulikuwa mdogo, mama yako kasafiri, ukataka kunifurahisha ukaichemsha kwenye sufuria pamoja na kanga, kwa sababu hukuambiwa kuwa sufu haichemshwi, inaoshwa kwa maji baridi na mkono mwepesi, ukiitia kwenye moto na kuisugua nyuzi zinashikana zote na nguo inarudi. Ikarudi mpaka isingemwingia paka. Nilikupigia kelele siku nzima, ukaenda kujificha kwenye mpunga, tukakutafuta. Sasa tazama mkono wa hiyo fulana. Kata hapo begani, kaza huo upande mwingine kwa uzi. Unaona? Umekuwa kofia. Umekuwa kofia ya mtu wa leo. Nilikukasirikia bure, mama. Ulikuwa unampimia mtu ambaye alikuwa hajaja.

Nenda ukamvike. Polepole masikioni.

Haya nisikilizeni wakati tunangoja, maana kungoja bila kusema siwezi, roho inanikimbia huku na huku. Mirathi ataigawa shehe kwa sheria, sina la kuongeza wala kupunguza, na yeyote atakayesema baba aliniambia pembeni ni mwongo. Nassibu, shoka langu la mikoko lichukue wewe, kama wenzako wataridhia, mpini ulichonga mwenyewe. Mtumbwi Mfaume autumie, lakini azibe ule ufa wa mbele, nimemwambia tangu kabla ya mwezi wa Ramadhani. Shamba hili msiligawe vipande, lilimeni pamoja, na dungu likiinama lisimamisheni kabla ya mvua, si baada. Msufi wa nyuma ya nyumba ni wa kila mtu, na Mwanamina, ukiokota sufi yake tengeneza mto mwingine, umpe atakayelala mahali pangu.

Blanketi litazameni nondo. Nondo hali pamba, anakula sufu. Liwekeeni majani ya mwarobaini, litoeni juani, jua lisilo kali, na maji yasiwe ya moto. Mtoto akikua mwambieni lilitoka kwa kondoo wa Molo, na kwamba kabla ya kondoo palikuwa na watu pale. Asilivae kivukoni.

Mimi mtanizika na sanda ya bafta, kama Mwislamu yeyote. Bafta haina joto na sitalihitaji. Msije mkalitandika lile blanketi juu ya jeneza kwa heshima, nitawaona. Maji yakiwa hayajashuka nipelekeni kwenye lile tuta la juu la Mbuchi, penye mama yenu, na mwiteni Mshamu aje. Aje ashike jeneza upande mmoja. Na jina la mtoto... ngoja.

Ngoja.

Mmesikia?

Usiniambie wewe, Nassibu, nimesikia mwenyewe. Huyo ni yeye. Analia kwa hasira, msikilizeni, analia kama kanyang'anywa kitu. Alhamdulillahi. Mwache alie. Msimnyamazishe, mwache.

Hilo jina. Siku ya saba mkimnyoa, msimpe langu, langu limekuwa Kondoo. Mpeni la Mshamu. Nitakuwa nimekwisha kumsamehe kwa siku hiyo, kama siwezi leo. Mwambieni mee yake nimeondoka nayo.

Sogeeni, sioni vizuri. Mkono wako, mama. Nassibu, na wako. Mungu awape kukaa pamoja, awape riziki ya halali, maji yashuke salama, na mtoto huyu awazike ninyi, msimzike ninyi. Nimewaridhia wote watatu. Radhi yangu... mmeisikia, sina haja ya kuirudia.

Baridi imefika magotini. Bado analia? Vizuri. Sufu ukiichemsha inarudi, wanangu. Mimi sirudi. Ufungueni kidogo huo upande wa jamvi, nimsikie.